Kurudi Masomoni na Kubadili Kazi kwa Mtu Mwenye Maumivu Sugu: Somo kutoka Milima ya Uluguru

Utangulizi

Milima ya Uluguru huanza kupanda pale mji wa Morogoro unapoishia. Mji wenyewe uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Kimhandu kinazidi mita 2,600. Katika miteremko iliyo kati ya mji na vilele hivyo wanaishi wakulima ambao kwa vizazi vingi wamelima kwa jembe la mkono na kushusha mazao kwa kujitwika. Kinole na Matombo hutoa ndizi, matunda na viungo. Mgeta hutoa kabichi, karoti na viazi mviringo. Mazao hayo huishia katika Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, au husafirishwa hadi Dar es Salaam. Lakini kabla ya kufika barabarani penye gari, sehemu kubwa ya mzigo huo imekwisha kupita juu ya kichwa, shingo na kiuno cha mtu.

Kiuno kinapogoma, mkulima hupewa ushauri ambao kila mtu anaujua: aache jembe, arudi shule, atafute kazi nyepesi. Ushauri huo una hekima, ila una upungufu mkubwa. Haumwambii mgonjwa atakaaje darasani saa sita ikiwa hawezi kukaa dakika thelathini, wala haumwambii kazi nyepesi ni ipi. Wengi hujaribu, hushindwa katika wiki za mwanzo, kisha huamini kwamba wamefeli mara mbili: shambani na darasani.

Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo hutokea na namna ya kulizuia. Baada ya kuyasoma, msomaji ataweza kueleza maumivu sugu ni nini. Kutambua dalili zinazohitaji daktari kwanza. Kupanga muda wa masomo kulingana na uwezo wa mwili. Kupima kazi mpya kabla ya kuigharimia. Na kuijua milango ya elimu iliyo wazi kwa mtu mzima katika Mkoa wa Morogoro.

Maumivu sugu ni nini?

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022 chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), limeyapa maumivu sugu fungu lake lenyewe. Kwa baadhi ya watu maumivu hayo hutokana na ugonjwa mwingine unaojulikana, kama vile baridi yabisi, selimundu au saratani, au hufuatia jeraha la ajali. Kwa wengine maumivu yenyewe ndiyo ugonjwa, na hakuna jeraha jingine linaloyaeleza. Maumivu ya kiuno ndiyo yaliyoenea zaidi: mwaka 2020 watu wanaokadiriwa kufikia milioni 619 duniani walikuwa nayo.

Ili kuelewa tofauti kati ya maumivu mapya na maumivu sugu, afikiriwe mlinzi wa usiku. Kabla ya wizi, mlinzi hupiga filimbi anapomwona mwizi. Baada ya wizi mkubwa, hupiga filimbi hata paka anapopita. Filimbi ni ya kweli, na usingizi wa wenye nyumba unakatika kweli, lakini mwizi hayupo. Vivyo hivyo, neva na ubongo vilivyopokea taarifa za maumivu kwa muda mrefu huweza kuwa vyepesi mno kuamka. Mguso mdogo, kuinama kidogo au kukaa kwa muda mfupi hutosha kuleta maumivu makali, ingawa hakuna kitu kinachochanika mwilini wakati huo.

Hapa yanatokea mambo mawili ambayo mwanafunzi mwenye maumivu hana budi kuyashika. La kwanza ni kwamba maumivu sugu ni ya kweli, wala si uvivu wala si ya kujitungia. La pili ni kwamba ukubwa wa maumivu si kipimo cha uhakika cha ukubwa wa madhara. Hata picha za mgongo hazimalizi shauri. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba, miongoni mwa watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, dalili za kuchakaa kwa diski za uti wa mgongo zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye umri wa miaka 80. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa kuwa pingili zake "zimechoka" hajahukumiwa kuacha kutembea, kusoma au kufanya kazi.

Kwanza daktari: dalili za hatari

Kabla ya kupanga masomo ni lazima kuhakikisha kwamba maumivu hayafichi ugonjwa unaohitaji tiba ya haraka. Mtu mwenye maumivu ya mgongo aende kituo cha afya bila kuchelewa akiona mojawapo ya dalili hizi:

- kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo kuziba;
- ganzi katika sehemu za siri na kati ya mapaja;
- mguu kulegea au kupoteza nguvu;
- homa, kutokwa na jasho jingi usiku, au kupungua uzito bila sababu;
- maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali;
- maumivu yasiyopungua hata mtu akilala, hasa ikiwa amewahi kuugua saratani.

Dalili tatu za kwanza ni za dharura. Zisisubiri hata kesho yake. Katika nchi yetu, homa na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo humlazimu daktari kufikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika lakini unaoweza kupoozesha miguu ukicheleweshwa. Hakuna ratiba ya masomo inayoweza kuchukua nafasi ya uchunguzi huo.

Desturi ya mteremko

Mkulima wa Uluguru hafanyi kazi kwa saa. Hufanya kazi kwa mvua na kwa siku ya soko. Gari likifika, mzigo wote hauna budi kuwa barabarani. Kwa hiyo siku anapojisikia nafuu hubeba mara mbili ili kufidia siku alizolala, na mnunuzi anayedai lumbesa humwongezea uzito usiolipiwa. Kesho yake hawezi kuinuka. Hupumzika siku tatu au nne, hupata nafuu, kisha hubeba tena kupita kiasi. Wataalamu wa maumivu hulitambua zunguko hili kila mahali duniani: kufanya mno, kuanguka, kupumzika mno, kisha kufanya mno tena. Kila mzunguko ukirudi, kiwango cha kazi ambacho mwili unakimudu hupungua, kwa sababu mapumziko marefu hudhoofisha misuli na kazi ya pupa humwamsha tena yule mlinzi wa filimbi.

Desturi hii haibaki mlimani mtu anaposhuka kwenda chuoni. Huingia naye darasani. Mwanafunzi mpya, akiona aibu kuwa mkubwa kuliko wenzake, hujilazimisha kukaa tangu asubuhi hadi jioni wiki ya kwanza. Wiki ya pili hayupo. Ya tatu anarudi na madaftari ya kunakili, anakesha ili awafikie wenzake, na ya nne hayupo tena. Mkufunzi huandika kwamba ni mtoro. Ukweli ni kwamba amesoma kama alivyokuwa akibeba ndizi.

Kinyume cha mtego huo ni mtego wa kusubiri. Mtu husema: "Nikipona nitaanza." Kwa maumivu mapya, kungoja wiki chache kunafaa. Kwa maumivu yaliyodumu miaka mitatu, ahadi hiyo huweza kula miaka mingine kumi. Lengo la tiba ya maumivu sugu, mara nyingi, ni kurudisha shughuli za maisha huku maumivu yakipungua polepole. Haliwi kuyafuta kwanza ndipo maisha yaanze. Masomo yaliyopangwa vizuri yanaweza kuwa sehemu ya tiba yenyewe, kwa kuwa humpa mtu sababu ya kuamka, kutembea na kukutana na watu.

Kupima uwezo na kugawa muda

Njia inayofundishwa na wataalamu wengi ina mizizi katika kazi ya mwanasaikolojia Wilbert Fordyce wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, aliyechapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu tiba ya maumivu sugu mwaka 1976. Kanuni yake kuu ni nyepesi kueleza: saa ndiyo iamue wakati wa kuacha kazi, maumivu yasiamue. Anayeacha anapoumia hujifunza kwamba kila shughuli huishia kwenye maumivu. Anayeacha kwa wakati uliopangwa, kabla maumivu hayajapanda, humaliza shughuli akiwa bado na akiba.

Ifuatayo ni hali iliyotungwa kwa ajili ya kufundishia. Mwanamke wa miaka 34 kutoka miteremko ya Uluguru amemaliza darasa la saba na ameishi na maumivu ya kiuno kwa miaka mitatu. Daktari amemchunguza, na dalili za hatari hazipo. Aliwahi kujiunga na mafunzo ya ushoni mjini, akayaacha kabla ya mwezi kwisha. Sasa anataka kujaribu tena.

Hatua ya kwanza ni kupima. Kwa siku tano anaangalia saa na kuandika ni dakika ngapi anaweza kukaa akisoma kabla maumivu hayajaanza kupanda. Anapata dakika 25, 30, 20, 35 na 15. Jumla ni 125. Wastani ni dakika 25.

Hatua ya pili ni kuanza chini ya wastani. Asilimia 80 ya dakika 25 ni dakika 20. Hicho ndicho kipande chake cha kwanza cha kusoma. Dakika 20 zikiisha, anasimama, anatembea au anajinyoosha kwa dakika tano hata kama hasikii maumivu, kisha anakaa tena. Siku mbaya anajitahidi kutimiza kipande hicho. Siku nzuri hazidishi. Sharti hili la pili ndilo gumu kuliko yote, maana siku nzuri humdanganya mtu kwamba amepona.

Hatua ya tatu ni kuongeza kwa kalenda. Akiongeza dakika mbili kila wiki, baada ya wiki 10 atakuwa amefikia dakika 40, ambazo ni urefu wa kipindi kimoja cha shule ya sekondari. Kwa mtu anayefikiria kuanza masomo Januari, hesabu hii ina maana kwamba mazoezi ya kukaa yaanze Oktoba, nyumbani, kwa kitabu chochote alicho nacho. Wiki anayoshindwa asiongeze; abaki palepale, wala asirudi mwanzo. Mwenda pole hajikwai.

Vipimo vya namna hii vifanywe pia kwa kutembea, kwa kusimama na kwa safari ya chombo, kwa kuwa kwa wakazi wa milimani njia ya kwenda chuoni ni kazi kuliko darasa lenyewe. Anayeshuka mlima kwa miguu na kupanda bodaboda kwenye barabara ya mawe anaweza kufika mlangoni akiwa amemaliza akiba yote ya siku. Kwake huenda ikafaa zaidi kulala kwa ndugu mjini siku za masomo na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, kuliko kununua kiti kizuri.

Kusoma ubongo ukiwa na kelele

Maumivu hushindana na somo kupata usikivu wa mwanafunzi. Watafiti Christopher Eccleston na Geert Crombez walieleza mwaka 1999 kwamba maumivu, kwa asili yake, hukatiza fikra na kudai yasikilizwe kwanza, kwani ndiyo kazi yake ya kutulinda. Mwanafunzi anayesoma ukurasa mara tatu bila kukumbuka kitu hajapungukiwa akili; sehemu ya akili yake iko kazini kwingine. Usingizi uliokatika usiku huongeza shida hiyo.

Dawa ya hali hii ni mbinu. Somo gumu lisomwe katika saa ambazo maumivu huwa chini. Kwa mgonjwa mmoja ni asubuhi, kwa mwingine, hasa mwenye baridi yabisi, ni baada ya viungo kulegea. Kila kipande cha kusoma kimalizike kwa kufunga daftari na kusema kwa sauti mambo matatu yaliyosomwa, kwa sababu kujiuliza hukaza kumbukumbu kuliko kusoma upya. Sehemu ya somo inaweza kufanywa kwa kusimama au kutembea: kusikiliza alichorekodi mwalimu, au kumweleza mwenzake hoja za somo. Usingizi upewe saa maalumu, na kukesha kwa ajili ya mtihani kuachwe kabisa.

Dawa za hospitali nazo zipangwe pamoja na ratiba. Amitriptilini, ambayo hutolewa kwa baadhi ya maumivu ya neva, huleta usingizi unaoweza kuendelea hadi asubuhi. Mgonjwa amwulize daktari saa ya kuimeza ili asisinzie darasani. Diklofenaki na dawa za jamii yake, ambazo wengi hujinunulia dukani kila siku, zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaweka mbele elimu kwa mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za viungo na tiba ya kisaikolojia. Haushauri matumizi ya kawaida ya dawa za jamii ya afyuni, wala mikanda ya kiuno. Mwanafunzi mwenye fedha kidogo, akichagua kati ya mkanda na nauli ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia, achague nauli.

"Kazi nyepesi" ni ipi?

Katika kikao cha familia, mjomba wa mwanamke wa mfano wetu anaweza kumwuliza: "Mwanangu, ikiwa jembe limekushinda, hiyo cherehani utaiweza?" Ni swali la haki, na wengi hulijibu kwa haraka kwamba cherehani haina uzito. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Watu hupima wepesi wa kazi kwa kilo, wakati kiuno chenye maumivu sugu huumizwa pia na kutulia. Fundi cherehani huinama mbele kwa saa nyingi, shingo ikiwa chini na mguu ukikanyaga. Dereva wa bodaboda habebi kitu kichwani, lakini hutikiswa kutwa nzima. Mama lishe huinua masufuria na kusimama jikoni tangu alfajiri. Karani hukaa.

Kazi nyepesi kwa mwenye maumivu sugu ni ile inayomruhusu kubadili mkao na kuutawala mwendo wake. Kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote, maswali manne yaulizwe. Je, mfanyakazi anaweza kusimama, kukaa na kutembea anapotaka? Ni nani anayepanga kasi: yeye mwenyewe, mteja, mashine au mwajiri? Kuna kuinama, kuinua au kutikiswa kwa kiasi gani kwa siku nzima? Na siku mbaya ikija, kazi inaweza kuahirishwa au kugawiwa mwenzake bila kuharibika? Majibu hayapatikani kwa kukisia. Mtu aombe kukaa na fundi anayeifanya kazi hiyo kwa siku mbili tatu, aangalie mwili wa fundi zaidi ya bidhaa zake.

Kwa kipimo hiki ushonaji haukataliwi, hubadilishwa umbo. Meza ikiinuliwa, kukata nguo kukifanywa kwa kusimama, na kushona kukigawiwa vipande vya dakika ishirini, kazi ileile inaweza kumfaa aliyeshindwa awali. Ikiwa fundi atafanya kazi kwake na kupokea oda chache, jibu la swali la pili na la nne litakuwa zuri. Ikiwa ataajiriwa kushona sare kwa idadi ya siku, litakuwa baya.

Kubadili kazi hakulazimu kutupa maarifa ya zamani. Mkulima wa Kinole anajua mdalasini mzuri kwa kuunusa, anajua pilipili manga ivunwe lini na nani hununua. Akijifunza kupanga madaraja, kufungasha na kutunza hesabu, anaweza kubaki ndani ya biashara ya viungo akiwa amehama kutoka kubeba. Wa Mgeta anaweza kuendesha kitalu cha miche kilichoinuliwa juu ya meza. Aliyesoma hadi sekondari anaweza kuandika vitabu vya chama cha ushirika. Ardhi ya Uluguru kwa desturi hurithiwa kupitia ukoo wa mama, na kuacha kuilima kwa mikono yake mwenyewe si lazima kuonekane kuwa ni kuuacha ukoo. Jambo hili lizungumzwe wazi, kwa sababu wengi hubaki na jembe kwa hofu ya maneno kuliko kwa hofu ya njaa.

Milango ya kurudi masomoni

Wazo la kuunganisha elimu ya watu wazima na afya si geni nchini. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio ili kupambana na magonjwa. Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipewa sheria yake, na mwaka huohuo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza kuundwa. Milango iliyopo leo imejengwa juu ya msingi huo.

Asiyemaliza au asiyepata elimu ya msingi aulizie kwa ofisa elimu wa kata kuhusu madarasa ya watu wazima. Aliyemaliza darasa la saba na anayetaka sekondari anaweza kusoma kwa njia mbadala na kufanya Mtihani wa Maarifa (QT) wa Baraza la Mitihani, kisha mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hii ina faida kubwa kwa mwenye maumivu: haimfungi kwenye dawati siku nzima. Anayetaka ufundi anavyo vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, pamoja na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa. VETA pia ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Aliyejifunza ufundi mtaani hupimwa na kupewa cheti bila kuanza darasa upya. Kwa elimu ya juu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa na kina kituo Morogoro. Anayeweza kukaa darasani kila siku ana vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe karibu naye.

Elimu ya masafa isichukuliwe kuwa rahisi. Humpunguzia mwanafunzi safari na dawati, lakini humwachia peke yake kazi ya kupanga muda. Ndiyo sababu mazoezi ya kugawa muda yatangulie usajili.

Aliyeumia akiwa kazini kwa mwajiri, kwa mfano katika mashamba ya miwa ya Kilombero au Mtibwa, aulizie haki zake chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mafao ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi yanahusisha matibabu na huduma za utengamao, na taarifa itolewe mapema. Mkulima anayejilimia mwenyewe hana kinga hiyo, na hilo ni jambo la kukumbukwa na wanaopanga sera.

Kumweleza mkufunzi

Maumivu hayaonekani, mwanafunzi asipoyasema, ukimya wake husomwa kuwa ni utoro au kiburi. Maelezo yawe mafupi, yataje kinachohitajika, na yatolewe kabla ya tatizo. Kwa mfano: "Shikamoo, mwalimu. Nina maumivu ya kiuno ya muda mrefu na ninatibiwa. Ninaweza kumaliza kazi zote za darasa, ila nahitaji kusimama nyuma ya darasa kwa dakika chache kila baada ya nusu saa. Barua ya daktari hii hapa. Naomba pia ushauri wako kuhusu chumba cha mtihani." Ombi la namna hii halidai huruma, linampa mkufunzi jambo la kutenda, na gharama yake ni ndogo.

Mkufunzi kwa upande wake asimpunguzie mwanafunzi huyo kiwango cha somo. Ampunguzie vikwazo visivyo vya somo: kiti kisicho na egemeo, kubebeshwa madawati, adhabu ya kusimama au kupiga magoti, vipindi vinne mfululizo bila mapumziko. Familia nayo isimfanyie kila kitu, wala isimwite mvivu. Msaada ulio bora ni kumgawia kazi ya nyumbani kwa kiasi kilekile kila siku, badala ya kumwacha alale leo na kumtwisha yote kesho.

Hitimisho

Mtu mwenye maumivu sugu hana haja ya kusubiri apone ndipo asome, wala hapaswi kusoma kama asiyeumwa. Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu: kuchunguzwa, kupima uwezo, kuanza chini yake, kuongeza kwa kalenda, na kuchagua kazi kwa kuangalia mkao na mwendo kuliko uzito. Njia hii haiahidi kwamba maumivu yatakwisha. Wapo watakaopata nafuu kubwa, na wapo watakaohitimu wakiwa na maumivu yaleyale, lakini wakiwa na cheti, kipato na siku zinazotabirika. Kwa anayejua uchungu wa kushindwa mara mbili, hilo si jambo dogo.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini inashauriwa kuacha kusoma kwa kufuata saa kuliko kwa kufuata maumivu?
2. Mwanafunzi alikaa akisoma dakika 40, 20, 30, 25 na 35 katika siku tano. Aanze na kipande cha dakika ngapi? Akiongeza dakika mbili kila wiki, atafikia dakika 40 baada ya wiki ngapi?
3. Chagua kazi tatu zinazofanyika katika mtaa wako na zipime kwa maswali manne ya somo hili. Ni ipi inayoitwa nyepesi bila kuwa nyepesi?
4. Taja dalili tatu ambazo zikionekana mpango wa masomo usimamishwe na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.